Mizinga ipo Fort Jesus, ndege za Rufiji ziko wapi?

MFANYABIASHARA aliyetoka Tanga na mzigo wake, akapita Horohoro na Lunga Lunga, akafika Mombasa na kubakiwa na saa moja ya kupumzika, anaweza kuingia Fort Jesus na kukuta mizinga miwili ya meli za kivita. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Wa pili ulitoka kwenye manowari ya Kiingereza, Pegasus, ambayo ilizamishwa na hiyo hiyo Königsberg katika bandari ya Unguja asubuhi ya Septemba 20, 1914. Waliouana baharini sasa wamewekwa katika ngome moja.

Mzinga mwingine wa Königsberg uko Jinja, Uganda. Mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini. Ni vyuma vilivyovuka mipaka mingi kuliko malori mengi yanayopanga foleni Namanga au Mutukula, tena bila hati ya forodha.

Lakini manowari ile haikuangamizwa na mizinga peke yake. Iliangamizwa baada ya kuonekana kutoka angani, na walioiona walikuwa juu ya ndege za mbao na kitambaa zilizoruka kutoka Mafia na visiwa vya jirani yake. Ndege hizo hazipo Fort Jesus, hazipo Dar es Salaam, na hazipo London. Hakuna hata moja iliyobaki. Zinazoonekana leo ni ndugu zao walionusurika katika makumbusho ya Ulaya, na modeli ndogo zinazoundwa mezani na watu ambao wengi wao hawajawahi kuuona mto Rufiji.

Rejeta kutoka Mombasa

Baada ya kuizamisha Pegasus, Königsberg chini ya nahodha Max Looff ilikuwa na shida ya makaa na mitambo iliyochoka. Ikaingia ndani ya delta ya Rufiji na kujificha kwenye mikoko karibu na Salale. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, lakini kujua ilipo ni jambo moja na kuifikia ni jambo jingine. Manowari zao kubwa zilihitaji kina cha maji ambacho mikono ile ya mto haina, na mtu aliyeko baharini haoni kitu isipokuwa miti.

Ikabidi atafutwe mtu wa kutazama kutoka juu. Aliyepatikana ni Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa Durban na ndege aina ya Curtiss, ile yenye tumbo kama boti inayotua majini. Novemba akaletwa kwenye kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Ndege ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Rejeta ya injini haikufaa tena, na vipuri havikuwepo karibu. Manowari moja ikatumwa hadi Mombasa, ikarudi na rejeta iliyofunguliwa kwenye gari la Ford. Kwa kipuri hicho cha gari Cutler aliruka tena, akaiona Königsberg kwa macho yake. Yeyote aliyewahi kukwama na lori porini, akasubiri kipuri kitoke mji mwingine kisha fundi akifunge hata kama si chake, ataielewa kazi ile bila kufafanuliwa zaidi.

Desemba injini ilimzimikia Cutler juu ya delta. Akatua mtoni na kutekwa na Wajerumani.

Mwanzoni mwa 1915 zikaletwa ndege mbili za Sopwith. Hizi zilishindwa na hali ya hewa ya pwani. Joto na unyevu viliilegeza gundi iliyoshika mbao, mapangaboi yakaanza kuachana tabaka kwa tabaka, na hewa nyepesi ya joto haikuweza kuibeba ndege pamoja na mabomu yake. Zikafuata ndege tatu za Short, ambazo nazo zilikuwa zimetumika sana, na kupanda kwake kulikuwa kwa shida, futi mia chache tu juu ya vichwa vya askari wenye bunduki. Hata hivyo, Aprili mwaka huo mmoja wa marubani, John Cull, na wenzake walifanikiwa kupiga picha za manowari ile ikiwa maficho.

Kilichomaliza kazi ni ndege nne za nchi kavu zilizofika Juni, mbili za Caudron na mbili za Henri Farman, pamoja na uwanja uliofyekwa kisiwani Mafia. Waingereza walileta pia meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokokotwa kutoka Malta. Meli hizo zilipiga makombora juu ya miti bila kukiona kinacholengwa. Juu angani mwangalizi alitazama kombora limeangukia wapi, akatuma ishara kwa simu ya upepo: mbele kidogo, kushoto kidogo. Shambulio la kwanza, Julai 6, 1915, lilishindwa. La pili, Julai 11, lilifaulu. Siku hiyo ndege ya Cull ilipigwa, na wakati inashuka mwangalizi wake, Arnold, aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha hadi wakaangukia mtoni, wakaokolewa na mashua ya Mersey. Königsberg ikabaki gofu.

Wajerumani walirudi kwenye gofu lao, wakaitoa mizinga kumi, wakaifungia magurudumu Dar es Salaam na kuitawanya nchi nzima kwa vita vya nchi kavu. Ndiyo maana leo ipo Mombasa, Jinja na Pretoria. Gofu lenyewe lilibaki mtoni miaka mingi, na hadi miaka ya 1960 wafanyabiashara wa chuma chakavu walikuwa bado wanalikata.

Mzinga ule ule, ziwa jingine

Mmoja wa mizinga hiyo ulipelekwa kwa reli hadi Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, iliyokuwa bwana wa Ziwa Tanganyika. Upande wa pili wa ziwa walikuwepo Wabelgiji, nao wakaomba ndege kutoka Uingereza. Wakapewa Short nne za kutua majini. Safari ya ndege hizo ingemtoa jasho wakala yeyote wa usafirishaji. Zilipelekwa kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, zikapakiwa kwenye treni, zikashushwa kwenye mashua za mtoni, zikapakiwa tena kwenye treni, na kadhalika, mpaka zikafika kando ya ziwa karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie. Mawimbi ya Tanganyika yalikuwa makali mno kwa mbao zake, hivyo zikawekwa kwenye ziwa dogo la Tungwe, jirani na Mtoa.

Juni 1916 mmoja wa marubani hao, Aimé Behaeghe, aliruka kuvuka ziwa na kudondosha mabomu Kigoma. Meli aliyoilenga ilikuwa tayari imenyang'anywa meno. Mizinga yake ya kweli ilikuwa imetolewa kwa ajili ya vita vya nchi kavu, na mahali pake ikawekwa mizinga ya bandia ya mbao. Kwa maneno mengine, ndege ya mbao ilikwenda kupiga mzinga wa mbao. Behaeghe alifariki kwa maradhi huko huko Kongo kabla mwaka haujaisha.

Mwezi Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo grisi nene kwanza, kwa matumaini ya siku moja kuiinua. Waliotimiza matumaini hayo ni Waingereza, mwaka 1924. Ndiyo MV Liemba, ambayo wachuuzi wa dagaa, mahindi na vitenge wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu wameipanda kizazi baada ya kizazi. Grisi ile iliokoa meli. Ndege nne za Wabelgiji hazikupakwa grisi na mtu, wala isingesaidia.

Ndege ni kitanda cha kamba

Aliyewahi kumtazama fundi akisuka kitanda cha kamba amekwisha elewa nusu ya ndege ya mwaka 1915. Ni fremu ya mbao nyepesi iliyovutwa na nyaya ili isipinde, ikavalishwa kitani au pamba, kisha kitambaa kikapakwa dawa inayokikaza kama ngozi ya ngoma. Hakuna chuma kikubwa isipokuwa injini. Injini nyingi za wakati ule, zile zilizozunguka zenyewe pamoja na pangaboi, zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, ambayo yalimrukia rubani usoni na kuloweka kitambaa chote.

Kitu cha namna hiyo hakihitaji adui. Mwanga wa jua hukifanya kitambaa kiwe kama karatasi ya zamani. Unyevu huivimbisha mbao, ukame huipasua. Mchwa hujua njia. Mzinga wa Fort Jesus umekaa mbele ya upepo wa chumvi miaka na miaka na bado ni mzinga, kwa kupakwa rangi tu. Caudron iliyoachwa nje mahali hapo isingemaliza masika moja.

Caudron moja ya aina iliyoruka Mafia, ile ya G.3, inaonekana katika Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza huko Hendon, London. Haikuhifadhiwa na serikali. Katika miaka ya 1930 ilikuwa Ubelgiji, ndege kuukuu mikononi mwa raia, Mwingereza mmoja akainunua, akaivusha hadi kwao, ikaingia kwenye mkusanyiko wa mtu aliyependa vitu vya kale kabla haijafika makumbusho. Bidhaa iliyokuwa imekwisha thamani sokoni upande mmoja wa mpaka ilipata mnunuzi upande wa pili, na ndiyo sababu ipo.

Huko huko Uingereza, katika makumbusho ya ndege za jeshi la majini ya Yeovilton, kuna jambo linalogawa maoni ya wahifadhi. Ni kipande cha mbele cha ndege Short 184, ndugu wa karibu wa zile za Ziwa Tanganyika. Ndege hiyo iliruka Mei 31, 1916 katika vita vya majini vya Jutland, ikahifadhiwa London kama kumbukumbu, halafu bomu la vita vilivyofuata likaibomoa ikiwa ndani ya makumbusho. Walioirithi wangeweza kuijenga upya, kwa mbao mpya na kitambaa kipya, ikang'aa. Wakaamua kuiacha ilivyo, mbavu nje, kitambaa kimechanika.

Hoja zao zina uzito. Ukibadilisha mbao zote, unachoonyesha ni kazi ya fundi wa leo. Lakini fundi wa majahazi wa Lamu angewacheka. Yeye hutoa ubao mbovu na kutia mpya mwaka hadi mwaka, na jahazi halibadilishwi jina. Tofauti iko kwenye kazi: jahazi linatakiwa kubeba boriti kesho, ndege ya Yeovilton inatakiwa kusema ukweli tu. Kwa kitu kinachotakiwa kusema ukweli, mbao zilizooza kidogo ni shahidi bora kuliko mbao mpya.

Ndege za alumini zilizokuja baadaye zina ugonjwa wake. Mwaka 2013 Waingereza waliinua kutoka baharini ndege ya Kijerumani, Dornier 17, iliyozama mwaka 1940. Chumvi ilikuwa imeingia ndani ya alumini, na alumini iliyokwisha kunywa chumvi huanza kuliwa kwa kasi mara inapokutana na hewa. Huko Cosford waliiweka ndani ya vibanda vya plastiki mfano wa vile vya wakulima wa mboga, wakaimwagilia kwa muda mrefu maji yenye asidi ya ndimu. Mama wa Pwani anayesugua sinia kwa ndimu na majivu hajasoma kemia hiyo, lakini hatashangaa.

Vipande vya plastiki na jina la Zanzibar

Pale ambapo ndege yenyewe haipo, anayebaki na kazi ni mwunda modeli. Wapo wanaodhani huu ni mchezo wa watoto. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli 500,000 za ndege kwa kipimo cha 1:72, ili askari wajifunze kutofautisha ndege ya adui na ya rafiki kabla ya kufyatua risasi. Kipimo hicho kikabaki kuwa cha kawaida. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilipotoa modeli yake ya kwanza ya Spitfire mwaka 1953, seti ya vipande vya plastiki vya kubandika nyumbani, ilishika kipimo hicho hicho.

Mwunda modeli makini hufanya kazi inayofanana na ya ofisa wa forodha: haamini maneno, anataka ushahidi. Anayetaka kuunda Henri Farman ya Mafia hana budi kutafuta picha za mwaka 1915, nyingine ziko katika hifadhi ya Imperial War Museum ya London, akahesabu nyaya, akaangalia alama ya bawa ilichorwaje, akajiuliza kitambaa kilikuwa na rangi gani baada ya miezi miwili ya jua la Rufiji. Anayeunda Curtiss ya Cutler anaingia kwenye mtihani mgumu zaidi, kwa sababu rejeta iliyo sahihi ni ya gari, na hakuna kiwanda kitakachomuuzia. Itabidi aichonge.

Katika kutafuta huko hukutana na jina ambalo wengi hawalitarajii. Wakati wa vita ile watu na serikali za makoloni walichangishwa fedha za kununulia ndege, na kila ndege ikaandikwa jina la aliyetoa. Moja ya ndege hizo, F.E.2b ya viti viwili yenye pangaboi nyuma, iliandikwa ubavuni Zanzibar No. 1. Haikuwahi kufika Unguja. Ilipelekwa Ufaransa, na mapema mwaka 1916 ikaangukia mikononi mwa Wajerumani pamoja na watu wake, wakaipiga picha. Hazina ya Zanzibar siku hizo ilisimama juu ya ushuru wa karafuu kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo si vigumu kujua bei ya ndege ile ilitoka mashamba gani na migongo ya nani. Mkulima aliyekausha karafuu hizo hakuwahi kuonyeshwa hata picha.

Ndege yenyewe haipo. Kwa sababu ya picha zile za Wajerumani, wapo waunda modeli wa Ulaya na New Zealand wanaoweza kukueleza herufi za neno Zanzibar ziliandikwa wapi ubavuni mwake. Huko New Zealand mafundi wamefika mbali zaidi, wamejenga F.E.2b za ukubwa kamili zinazoruka, mbao kwa mbao, kwa kufuata michoro ya zamani.

Kilo kwa kilo

Ndege zilizofuata zilikuwa za chuma cheupe, na adui wa chuma cheupe ni mizani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege zaidi ya 5,000 za Marekani zilikusanywa jangwani Kingman, Arizona, zikakatwakatwa na kuyeyushwa kuwa matofali ya alumini. Nyingine zilikuwa bado mpya. Hakuna aliyefanya kosa la hesabu: kwa bei ya siku ile, alumini ilikuwa na mnunuzi na historia haikuwa naye.

Mizani hiyo ipo Afrika Mashariki pia, na msomaji anayenunua chuma chakavu anaijua kuliko mwandishi yeyote. Bati la bawa na sufuria iliyotoboka huenda tanuri moja. Watu wa Mwanza wenye umri wanaikumbuka siku ya mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tupolev 22 ilipokuja kuupiga mji wao ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane na kuua swala. Ndege ya aina hiyo inaweza kutazamwa Monino, karibu na Moscow, na modeli zake zinauzwa madukani. Mwanza kilichobaki ni masimulizi ya walioishuhudia, na umri wao unasonga.

Gharama ya kuanza si kubwa kama inavyodhaniwa, maana si lazima kuanza na ndege nzima. Caudron ya kweli ina mabawa ya mita 13.4. Kwa kipimo cha 1:72 mabawa hayo ni sentimita 18 na nusu, na ndege yote inaingia kwenye boksi la viatu. Kwa kipimo hicho hicho, mtutu wa mzinga wa Königsberg unakuwa karibu sentimita sita, mrefu kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Mwunda modeli anaweza kuviweka viwili hivyo kwenye kibao kimoja, na mikoko ya uzi uliochovywa rangi ya kijani kati yake. Fort Jesus bado mzinga uko peke yake, na anayepita mbele yake haambiwi ni nani aliyeuona kwanza.